Kadi ya Grafiki kwa Mashine ya Mtumba: Anza na Stika ya Pawasaplai

Kompyuta nyingi zinazogeuzwa kuwa za gemu huku kwetu hazikuzaliwa kwa kazi hiyo. Ni Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1 iliyomaliza zamu yake kwenye ofisi ya Uingereza, ikapakiwa kontena, na sasa imepangwa dukani Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, ikiwa na prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4, RAM ya GB 8 na monita ya waya wa VGA. Mnunuzi anauliza, "Niweke kadi gani?" Fundi anayeijua kazi yake hatataja kwanza kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Atachukua bisibisi, atafungua ubavu wa kasha na kusoma stika ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, kwa sababu stika hiyo inafuta nusu ya orodha kabla hata bei haijatajwa.

OptiPlex 9020 ya mnara hutoka kiwandani na pawasaplai ya wati 290, na ile nyembamba ya SFF ina wati 255. EliteDesk 800 G1 ya mnara ina 320, SFF yake 240. Usiishie kwenye namba hiyo kubwa. Shuka hadi mstari wa +12V, maana prosesa na kadi vyote vinakula hapo, kisha zidisha ampea kwa 12. Ampea 16 ni wati 192. Ampea 18 ni wati 216. Hesabu hii ndiyo inayoziumbua pawasaplai za bei chee zilizoandikwa 500W kwa herufi kubwa: ukisoma mstari wa 12V unakuta ampea zisizofika hata nusu ya sifa hizo. Pawasaplai ya Dell ya wati 290, pamoja na umri wake, mara nyingi ni ya kuaminika kuliko hiyo mpya inayong'aa.

Sasa jumlisha matumizi. Prosesa ya i5-4590 imepangiwa wati 84. Bodi, RAM, diski na feni wape 40 hadi 50. Kadi isiyo na waya wake wa umeme haizidi 75. Unafika karibu 210. Kwenye pawasaplai ya 290 unapumua. Kwenye 240 inaingia, ila huna akiba, na pawasaplai iliyofanya kazi miaka kumi kapasita zake zimechoka. Haitoi tena kila kilichoandikwa. Dalili yake inajulikana: mashine inawaka vizuri, Windows inafunguka, gemu linaanza, halafu kwenye vurugu ya kwanza mashine inazima ghafla au kujiwasha upya. Hapo watu huilaumu kadi, wanairudisha dukani, na kadi haina kosa lolote.

Hiyo namba 75 inatoka kwenye sloti yenyewe. PCIe x16, sloti ndefu ya bodi inayopokea kadi, inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huwa na tundu la pini 6, linaloongeza 75 nyingine, au la pini 8, linaloongeza 150. Pawasaplai za ofisini kwa kawaida hazina waya wa aina hizo. Kwa hiyo mwenye mashine ya ofisi asiyetaka kugusa pawasaplai anabaki na familia ndogo ya kadi, na ndani yake zinazostahili pesa ni chache.

Ya kwanza ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016: GB 4 za kumbukumbu ya aina ya GDDR5, wati 75. Ni kadi iliyobeba wachezaji wengi wa hali ya chini, na EA Sports FC 25 bado iliitaja kama kiwango cha chini kabisa, sambamba na RX 570. Ya pili ni GTX 1650 ya mwaka 2019, nayo GB 4 na wati 75, ikiizidi ile kwa robo hadi theluthi kulingana na gemu. Ipo ya GDDR5 na ipo ya GDDR6. Hiyo ya GDDR6, iliyotoka 2020, inapitisha GB 192 za data kwa sekunde badala ya 128. Ukizikuta kwa bei inayokaribiana, usijiulize mara mbili. Ya tatu ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 169 huko Marekani. Inakula wati 70 tu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote tatu. Lakini jina lake ni mtego. Kuna RTX 3050 nyingine, ya GB 8, ya mwaka 2022, inayokula wati 130 na kutaka waya wa umeme. Muuzaji akisema "3050" tu, muulize GB ngapi, kisha igeuze kadi uangalie ukingo wake wa juu kama kuna tundu.

Tabia hiyo ya kuangalia ukingo ifanye hata kwa 1050 Ti na 1650. Watengenezaji kadhaa waliziongezea kasi kidogo na kuzipachikia tundu la pini 6. Kadi hizo ni nzuri, ila si za mashine yako. Hapo ndipo unapotolewa ushauri wa kununua adapta ya SATA kwenda pini 6. Ukatae. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54, wakati pini 6 ina haki ya kuvuta 75. Siku za kwanza hutaona kitu. Baadaye plastiki inalainika, inageuka rangi ya kahawia, na harufu inakufikia kabla ya moshi.

Ya nne ni RX 6400 ya AMD ya mwaka 2022. Ina wati 53, GB 4, na matoleo kadhaa ni mafupi na membamba kiasi cha kukaa kwenye SFF bila kusukumana na jirani. Kwenye karatasi inapendeza. Shida ni kwamba inatumia njia 4 tu za kupitishia data kwenye PCIe badala ya 16, na ilipangwa kwa PCIe 4.0. Kwenye mashine ya kizazi cha 4 ya Intel, ambayo ni PCIe 3.0, njia hizo zinabaki na nusu ya upana wake. Kwenye OptiPlex 790 au 990 za kizazi cha 2, ambazo ni PCIe 2.0, zinabaki na robo. Madhara hayaonekani hadi GB 4 zijae. Hapo gemu linaanza kuazima kwenye RAM ya mashine kupitia mlango huo mwembamba, picha inakwamakwama kila unapogeuka. Pia haina uwezo wa kurekodi video kwa kutumia chipu yake, kwa hiyo anayetaka kurusha michezo yake mtandaoni ataibebesha prosesa mzigo wote, na i5 ya nyuzi nne haiwezi kazi mbili hizo. Kama una kasha la kawaida, RX 6400 iwe chaguo la mwisho. Kama una SFF na sloti imebanwa na pawasaplai, huenda ikawa chaguo la pekee.

Kuhusu SFF, pima kabla ya kulipa. Kadi lazima iwe ya kimo cha nusu (low profile) na ije na kibati chake kifupi cha kufungia nyuma ya kasha. Kadi ya mtumba mara nyingi kibati hicho kimepotea, na bila hicho haifungiki. Pima pia unene. GTX 1650 fupi huchukua nafasi ya sloti mbili, na kwenye baadhi ya SFF sloti ya x16 ndiyo iliyo karibu na pawasaplai, nafasi ya pili haipo. Watu huihamishia kadi kwenye sloti ya jirani, ambayo kwa macho ni ndefu ileile lakini ndani imeunganishwa kwa njia 4. Inafanya kazi, ila unalipia kadi nzima na kupata pungufu.

Kadi za Intel Arc, kama A380, zinavutia kwa bei, lakini zinategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR, kinachoruhusu prosesa kuiona kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja. Mashine za kizazi cha 4 hazina. Bila hicho kadi inapoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Pita.

Kama una mnara na uko tayari kubadilisha pawasaplai, mlango unafunguka: RX 570, yenye pini 8 na wati 150, huishinda GTX 1650 ya GDDR5 na mara nyingi huuzwa chini yake, kwa kuwa soko limejaa mabaki ya wachimba sarafu za kidijitali. GTX 1060 ya GB 6, wati 120, nayo ni nzuri. (Ile ya GB 3 si ndugu yake kamili: chipu yenyewe imepunguzwa, viini vya kuchakata picha 1152 badala ya 1280.) Lakini usinunue pawasaplai ya kawaida ukadhani utaichomeka tu. Bodi ya OptiPlex 9020 inataka plagi ya pini 8 ya Dell badala ya pini 24 za kawaida, na EliteDesk 800 G1 inataka pini 6 za HP. Adapta zipo na ni za bei ndogo. Agiza inayotaja modeli yako kwa jina, kwa sababu ya Dell haiingii kwenye HP. Pima vilevile urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kikapu cha diski. RX 570 nyingi zenye feni mbili huishia kugonga hapo.

Kabla hatujafika kwenye kujaribu kadi, kuna suala la majina, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji anajua mnunuzi anatafuta neno "4GB". GT 730 ya GB 4 ipo, na ni kadi ya kuonyesha Excel. Ukubwa wa kumbukumbu ni ghala. Kinachoamua ni upana wa mlango wa ghala hilo. Mfano mzuri ni GT 1030. Ilitoka ya GDDR5, inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine ya DDR4, jina lilelile, boksi linalofanana, inayopitisha GB 16.8. Kwenye gemu hii ya pili inaweza kushuka hadi nusu ya mwenzake. RX 580 nayo ina toleo linaloitwa 2048SP. RX 580 halisi ina viini 2304, na hiyo ya 2048 ni RX 570 iliyobadilishwa kanzu. Si kadi mbaya, mradi ulipie bei ya 570.

Halafu kuna bandia kabisa. Huchukuliwa chipu ya zamani ya NVIDIA, kama ya GTS 450 au GTX 550 Ti, BIOS yake, programu ya kuanzishia iliyo ndani ya kadi, inaandikwa upya, na Windows inaisoma kuwa GTX 1050 Ti. Hata jina kwenye skrini linakubali. Kinachozisaliti mara nyingi ni tundu la VGA mgongoni: chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi VGA zenyewe, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu hilo la bluu ianze na mashaka. Uthibitisho ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Chipu isome GP107, viini 768, GDDR5, basi (upana wa mlango wa kumbukumbu) la biti 128. Bandia itaonyesha viini 192, na matoleo ya GPU-Z ya tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina. Kwa GTX 1650 tarajia viini 896.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye GPU-Z, FurMark (programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito), na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) uliyoipakua mwenyewe kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD. Draiva hizo zinazidi MB 600, usitegemee bando la pale pale. Muombe muuzaji achomeke kadi kwenye mashine yake. Anayekataa amekujibu.

Kabla ya umeme, tazama kwa macho. Bodi ya kadi ikiwa na eneo la kahawia karibu na chipu, ilipikwa na joto. Mabaki ya kung'aa kama nta pembeni mwa chipu yanasema imepulizwa na mashine ya hewa moto ili kufufua kadi iliyokufa. Kadi ya namna hiyo hukaa wiki au miezi, kisha inarudi kaburini. Kwa miji ya pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, angalia meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti na matundu ya HDMI: chumvi ya hewa huacha ukungu wa kijani au mweupe. Kwenye meno, kifutio cha penseli na pamba yenye spiriti vinatosha. Ukungu ukiwa umeingia chini ya viungo vidogo vya bodi, iache.

Ikishawaka, sakinisha draiva uliyokuja nayo. Kadi bandia huanguka hapa, kwa kuwa draiva mpya haiitambui chipu ya kale. Ukiona kosa la Code 43 kwenye Device Manager ya Windows, ama chipu ina hitilafu ama, kwa RX 570 na 580, BIOS ilibadilishwa ili kuchimba sarafu. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi uliisha Septemba 2022 na kadi hizo zikamwagika sokoni. Kufanya kazi usiku na mchana si lazima kuwe kumeiua chipu. Feni ndizo zinazochoka, na pesti ya joto hukauka. Baadhi zina swichi ndogo ubavuni yenye BIOS mbili: zima mashine, isogeze upande wa pili, jaribu tena. Epuka P106-100, iliyotengenezwa kwa uchimbaji pekee. Haina tundu hata moja la kuchomeka monita.

Baada ya draiva, washa FurMark dakika 15. Kadi ya wati 75 iliyo nzima hukaa kati ya nyuzi 60 na 75 kwenye duka lenye joto la kawaida. Ikipanda hadi 85 na kasi ya chipu kushuka, pesti imekauka au feni imekufa, na hiyo ni sababu halali ya kupunguziwa bei. Vitone vya rangi, mistari au viboksi vinavyometameta ni kumbukumbu mbovu. Hakuna bei ya kuifanya hiyo ifae. Wakati mzigo ukiendelea, tazama kwenye GPU-Z mstari wa Bus Interface. Ikiwa imetulia kadi hushusha kasi ya PCIe kuokoa umeme, kwa hiyo kuona 1.1 bila mzigo si kosa. Chini ya mzigo, kadi ya njia 16 isome x16. Ikisoma x8 au x4, safisha meno na uichomeke upya kabla ya kuilaani.

Jambo la draiva linagusa pia uamuzi wenyewe. NVIDIA iliacha Oktoba 2025 kutoa draiva za gemu mpya kwa kizazi cha 1050 Ti na 1060. Zimebaki za usalama tu, hadi Oktoba 2028. GTX 1650 na 3050 ni za vizazi vya baadaye na hazimo kwenye uamuzi huo. AMD nayo iliziweka RX 570 na 580 kwenye tawi la pembeni tangu mwishoni mwa 2023. Kwa anayecheza GTA V, PES 2021 na CS2 hilo halimkoseshi usingizi leo. Kwa anayetaka kadi ya miaka minne, 1650 inastahili nyongeza ya bei, hata kama kwenye vipimo RX 570 inaitangulia.

Usinunue pia nguvu ambayo monita haiwezi kuonyesha. Monita za ofisi nyingi ni 1600 kwa 900, na hizo ni asilimia 70 tu ya pikseli za 1920 kwa 1080. GTX 1650 inayohangaika kwenye 1080 hutulia kabisa kwenye 900. Monita hizo zinaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi funga gemu hapo hapo. Joto linashuka na i5 inapumua. Na i5 ya nyuzi nne ndiyo itakayokwamisha mashine hii kabla ya kadi, hasa kwenye gemu mpya. RAM mbili za GB 8 zikifanya kazi pamoja husaidia kuliko moja peke yake, na i7-4770 ya mtumba huingia kwenye tundu lilelile. Kuweka kadi ya wati 200 juu ya i5-4570 ni kumfunga ng'ombe wa maksai kwenye mkokoteni wa mtoto.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde tano ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ondoa kibati, sukuma kadi hadi klipu ilie, kaza skrubu. Skrubu usiisahau, bila hiyo kadi huinama taratibu na mguso unapotea. Kama ulikuwa na kadi ya kampuni nyingine, ondoa kwanza draiva zake kwa programu ya DDU ukiwa kwenye Safe Mode.

Picha isipotokea, usiogope mapema. Kosa la kawaida kuliko yote ni waya wa monita kubaki kwenye bodi badala ya kuhamia kwenye kadi. Likifuatiwa na kadi isiyokaa vizuri. Mashine za kizazi cha 2 na cha 3, kama HP 8200 na 8300, huweza kubaki gizani na kadi mpya hadi BIOS yao isasishwe, kazi unayoifanya kadi ikiwa nje na monita ikiwa kwenye bodi.

Na kama monita ina VGA tu, kwanza igeuze. Nyingi za ofisini zina DVI au DisplayPort iliyofunikwa na vumbi. Isipokuwa nayo, nunua adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani. Kile kiplagi cha zamani cha DVI kwenda VGA kinachouzwa kando yake hakifai: DVI ya 1050 Ti ni ya kidijitali pekee, haina matundu ya zile pini nne zinazozunguka jino bapa. Ukiona zinagoma kuingia, usizipinde.